Harusi ya Nguo za Gunia

Soria,
siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Luka

Mpendwa dada Brianda,

Shikamoo dada. Hujambo huko Sevilla? Kifua cha shemeji kimepoa, au bado anakohoa usiku kucha na kukunyima usingizi? Sisi huku ni wazima, ila magoti yangu yananisumbua, na nimechoka. Nimechoka mpaka kulala kwenyewe naona kazi.

Bila shaka mbiu imefika hata huko: mwana wa malkia amefariki. Hapa mpiga mbiu alipita kila mtaa akitangaza kwamba kwa siku arobaini hakuna ngoma, hakuna karamu, na kila mtu avae nguo nyeupe za gunia za matanga. Kitambaa chenyewe kinawasha, shingo yangu yote imetoka vipele. Malkia huyu akifurahi tunacheza sisi, akigombana tunapigana sisi, na sasa analia, tunajikuna sisi.

Harusi ya Elvira wangu ilikuwa imepangwa Jumapili ya wiki ileile. Nakuambia wewe tu: binti yako ana mimba ya miezi mitatu. Na Pascual ni mchungaji. Akishashuka kusini na kondoo kufuata malisho, harudi mpaka Mei. Mtoto angezaliwa baba hayupo na ndoa haipo, na mama yake Pascual, anayemtakia mwanawe yule mjane mwenye kinu cha kusagia ngano, angeapa mbele ya watu kuwa si damu yao.

Nikaenda kumwangukia diwani, Don Lope.

“Mama Sancha, malkia anazika, wewe unataka kuoza binti?” akaniambia. “Ngojeni Mei. Mapenzi si maziwa, hayachachi.”

Nilitaka kumjibu kuwa kuna mengine yanaumuka, nikaaga nikaondoka.

Nyumbani nilikaa jikoni nikashindwa hata kuwasha moto. Elvira akaja na gunia lake mkononi.

“Mama, mbiu imesema tusicheze. Imesema tusiende kanisani?”

“Sasa utaolewa na gunia, mwanangu?”

“Naolewa na Pascual. Gunia nitalivua.”

Unamjua alivyo, amekurithi wewe mdomo. Padri Fermín alicheka, akakubali. Tukaingia kanisani alfajiri bila kengele, wote tumevaa gunia, na bwana harusi pia. Mama yake Pascual alikuja kanuna.

“Hii ni harusi au matanga?”

“Chagua unayoipenda, mama mkwe,” Elvira akamjibu.

Walipoanza kula kiapo, mimi nikaanza kulia, na sikuweza kunyamaza. Tulipotoka bado nalia, na Don Lope huyo anapita. Alipotuona na magunia yetu akavua kofia.

“Hivi ndivyo raia wema wanavyomlilia mwana wa malkia,” akasema. “Mungu akulipe, Mama Sancha.”

Pascual ilibidi akohoe kuficha kicheko.

Sikumlilia mwana wa malkia, dada, Mungu anisamehe. Niliwalilia wanangu Rodrigo na Nuño, waliofia Granada kwenye vita vya malkia. Habari za vifo vyao zilifika siku ya soko, na ngoma zilipigwa mpaka jioni, hakuna aliyekatazwa. Sina kinyongo na mama aliyefiwa, uchungu wake naujua. Lakini mimi siku arobaini sikupewa.

Pascual ameondoka jana na kondoo. Elvira anatapika, anakula, analala, ana amani. Mama mkwe wake ameleta jibini, kainunia hiyo jibini lakini kaileta.

Nisalimie sana shemeji Bartolomé, na Inés, mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Mungu awalinde na awape usingizi, mlale kwa niaba yangu pia.

Na kila uingiapo kanisani, niombee mtoto awe wa kike. Wa kiume malkia ameshanichukulia wa kutosha.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Sancha