Ndege Mbaya

Dada Zuhura,

Pokea salamu za shangazi na zangu, ingawa mwili umechoka. Bado tuko Mombasa. Leo tuliketi juani kwenye uwanja wa ndege, tukingoja kumpeleka Nairobi akapasuliwe macho. Karani, mtu wa bara, akatoka akasema, "Poleni, ndege mbaya leo." Alikusudia kwamba imeharibika. Shangazi, asiyeona ila mwanga, akasikia mkosi.

"Nirudishe Lamu, mwanangu. Safari hii ina ndege mbaya."

Nimemweleza njia nzima hadi hapa tulikofikia, Kibokoni, hasikii. Kesho nitamwomba karani atamke "ndege njema" mbele yake, huenda akakubali kupanda.

Tuombeeni. Yeye hakuiona ile ndege. Mimi nimeiona, na naogopa kuliko yeye.

Nduguyo akupendaye,
Athmani