Waifai Niliyompa Wifi

Jumamosi, 28 Juni 2025

Nyota mbili! Yule mama wa Dodoma na mumewe — wale waliosifia mtori wangu mpaka wakaongezewa bakuli. Usoni walicheka, walipoaga walinikumbatia. Wamefika kwao wakaandika: nyumba safi, mwenyeji mkarimu, intaneti ya aibu.

Aibu! Siku ile nilizima ruta nikawasha, mara nne. Nilipanda ngazi na kanga yangu kwenda kupangusa dishi la intaneti, na baridi hii ya Masama. Niliomba radhi mpaka nikajichukia.

Ni lalamiko la tano tangu Pasaka. Wenye app ya kukodisha vyumba wameniandikia: likija jingine, tangazo langu linaondolewa. Miaka mitatu ya kujenga jina. Vyumba viwili vya juu nilivyovipaka rangi kwa mikono yangu.

Na huyu Violet, wifi yangu, ng'ambo ya ua tu, ana nyota tano. Wageni wake wote wanaandika kitu kimoja: intaneti ya kasi. Dishi lake liko wapi? Sijawahi kuliona.

Jumatatu, 30 Juni

Davis amekuja, fundi aliyenifungia dishi. Kijana mstaarabu, shikamoo kwanza, viatu nje. Akaunganisha laptop yake. Halafu akauliza nina wageni wangapi leo. Nikasema hakuna hata mmoja. Akanigeuzia kioo.

Vifaa kumi na tisa kwenye waifai yangu! Simu, laptop, na kimoja kimeandikwa kabisa "TV ya Violet Sebuleni".

Tukazunguka mpaka kwenye ua. Ukutani mwa banda la ng'ombe la Violet, chini ya bati, kuna kisanduku cheupe kinatazama dirisha langu. Davis anasema kinavuta waifai yangu na kuisambaza kwake. Akaniuliza taratibu kama kuna mtu nilimpa paswedi.

Nilimpa. Mimi mwenyewe! Mwaka jana, siku ya kumzika mama mkwe, ili ndugu walio nje waone mazishi. Tulikuwa tunalia wote wawili. Nilimwandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Mazishi yakaisha. Yeye akafungua biashara.

Davis alitaka kumfungia palepale. Nikamwambia hapana, nifundishe mimi. Ni rahisi mno. Unaingia kwenye simu, unaona jina, unagusa, linakatika. Basi.

Sitagusa sasa hivi. Ataamka, ataita fundi, ataomba radhi kwa wageni wake, yataisha. Mimi sikuharibikiwa siku moja. Nataka naye aumie panapouma.

Jumanne, 1 Julai

Mume wangu Yakobo amepandisha wageni mlimani leo alfajiri. Wiki nzima. Nilimweleza jana wakati anafunga begi. Akasema niende nimwambie Violet kwa upole, ni dada yake, labda hajui kama inanipunguzia. Hajui! Anamjua dada yake wa utotoni, mimi namjua huyu wa sasa.

Nikamwambia sawa. Sikwenda.

Asubuhi nimekutana na Violet tunapopelekea maziwa. Ana furaha. Kanieleza mbele ya watu kwamba Ijumaa saa tisa mgeni wake ana intavyuu ya mtandaoni, ya kazi kubwa nje ya nchi. Kachagua kwake kwa sababu ya intaneti. Halafu akanishika bega: "Wifi, nawe tafuta fundi mzuri. Wageni siku hizi hawataki mchezo."

Nikasema asante wifi. Nilitabasamu! Nikainua ndoo yangu nikaondoka.

Ijumaa saa tisa.

Alhamisi, 3 Julai

Mgeni amefika. Nimesikia gari, nimesikia Violet akipiga vigelegele vyake vya kukaribisha. Ukungu mzito, sikuona mtu. Mzungu bila shaka.

Nimelala mchana kama mtoto. Sijalala hivyo tangu Pasaka.

Ijumaa, 4 Julai

Nimefanya.

Saa nane na nusu nilichemsha chai, nikakaa barazani upande wa ua. Saa tisa kamili sauti ya kike ikaanza kusema Kiingereza, taratibu, kwa adabu. Nikamwacha aanze. Nilitaka waanze kwanza! Dakika kumi hivi. Halafu nikagusa. Kisanduku, TV, simu — kimoja kimoja.

Kimya. Halafu "Hello? Hello?" Halafu Violet anakimbia huku na huko na kandambili zake. "Zima uwashe! Zima uwashe!" Maneno yangu yale yale. Mtandao wa simu huku korongoni ni wa kubahatisha, hata yeye anajua. Nikasikia mlango, nikasikia mtu anakimbilia barabarani.

Nilikunywa chai yote. Ilikuwa tamu.

Jumamosi, 5 Julai

Si mzungu. Ni binti wa Mkuu, Rombo. Anaitwa Loveness, muuguzi. Kwao mtandao haushiki, ndiyo maana alikuja huku. Mama wa duka amenisimulia: alisimama barabarani kwenye manyunyu, laptop kichwani, anatafuta mawimbi. Waliompigia walishakata.

Sasa mimi ningejuaje?

Ningejua ningesubiri amalize? Nimejiuliza wakati nakata majani ya ng'ombe. Nadhani nisingesubiri. Naandika ukweli kwa sababu hapa hasomi mtu.

Violet kapewa nyota moja. Nimeisoma mara nyingi.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani alikaa benchi la nyuma. Hakuimba. Macho yamevimba. Anajua ni mimi. Nami nimejua kwamba anajua. Nikaimba sauti ya kwanza mpaka mwisho.

Jumatatu, 7 Julai

Saa nne kasoro robo asubuhi. Naandika haraka.

Violet yuko getini. Kagonga, kaita. Binti yuko nyuma yake, kumbe bado hajaondoka, kakumbatia laptop kwenye mfuko wa plastiki. Violet anaongea kwa sauti nisikie: Loveness aliwaandikia wale watu kuomba radhi, asubuhi hii wamejibu, wanampa nafasi nyingine. Leo saa nne kamili. Kwenda Moshi mjini hawawahi.

"Wifi, nimekosa. Ile waifai ni yako, nimekosa. Nichukie mimi, mtoto huyu hajakukosea."

Hivyo ndivyo alivyosema. Mbele ya mgeni! Ningeomba lipi zaidi?

Lakini kashika jani mkono wa kulia. Isale, jani letu la kuombea msamaha. Mae! Kalichuma kaburini kwa mama mkwe, hakuna kwingine linakoota karibu. Anajua anachofanya. Ukiletewa isale husemi nitafikiria. Unapokea, na imekwisha. Humkumbushi tena mpaka unakufa.

Na mimi sijamaliza. Miezi mitatu nimeomba radhi kwa kosa lake, yeye anataka yaishe kwa jani moja na dakika chache getini.

Binti kaita mwenyewe sasa. "Shikamoo mama. Naomba tu, mama." Sauti ile ile ya adabu.

Saa nne kasoro dakika saba.

Pazia la jikoni limefungwa. Mtu ambaye hajaliona jani hajaletewa. Naliandika hili, na tarehe ipo juu: sijaliona. Nipo jikoni, nina kazi, sijaona kitu chochote mkononi mwa Violet.

Anagonga tena. Dakika tano.