Turubai Lisilopitisha Hewa

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani. Huku tuzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama kwenye cherehani.

Nimesikia Chiriku bado hasemi. Miezi mitano tangu mimba yake iharibike, na mtoto aliyekuwa akituchosha masikio leo hata salamu haitikii! Mlete kwa mjomba wake. Lile hema la mvuke nililokusimulia, la wale watu wa milimani, sasa ninalo langu uani. Mawe ya moto katikati, maji juu yake, watu wanane gizani, jasho linatoka na uchungu unatoka. Wenyewe hufunika kwa mablanketi. Mimi nimeshona turubai la lori, mishono miwili miwili, nikapaka lami juu. Hewa haipiti hata ya kuzimia kibiriti. Wakiliona watanionea wivu!

Mdogo wako,
Fundi

10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuzima, Mungu anatusitiri. Wewe nawe! Mwaka juzi mfuga nyuki, mwaka jana dalali, leo mganga. Hao watu wa milimani ulikaa nao siku ngapi, nne? Ulipojifunza ushonaji ulifagia vitambaa mwaka mzima kabla ya kugusa cherehani. Hili nani kakuruhusu?

Lakini nifanyeje? Mfa maji haachi kutapatapa. Jana nilimkuta kashika kikombe cha chai iliyopoa tangu asubuhi, machozi yanamtoka bila sauti. Atakuja Jumamosi. Asipopenda, mtoe, usimlazimishe. Sina mwingine.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Hata sijui niulize habari gani. Mazishini kwa Chiriku ulinigeuzia kisogo mbele za watu, nikasema ni huzuni.

Kazi ya Mungu haina makosa, dada. Wanane waliingia, sita wakatoka kwa miguu yao. Mwalimu mmoja aliyekuwamo yuko hospitali, tunamwombea. Kwa mtoto wetu, mimi nadhani moyo wake ulikuwa dhaifu. Na kama mila ile ni mbaya, mbona wenye mila hawaulizwi? Mimi niliazima tu. Sikumvuta mtu kwa kamba.

Mdogo wako

6 Aprili

Fundi,

Salamu sina.

Moyo dhaifu! Mwanangu alikuwa anapanda ghorofa ya tano na mtungi wa gesi begani, anaimba. Na Mungu usimsingizie, yeye hana cherehani.

Mzee wa watu wa milimani alikuja kwangu. Safari ya siku mbili. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, akasema, "Mama, jina lililotumika ni letu. Nimekuja kulia na wewe." Akalia kweli, mtu asiye na kosa lolote. Nikamuuliza yote. Kwao mshika mlango hufundishwa miaka minne. Akisikia sauti moja tu ndani inasema fungua, hufungua, na anayetoka hupewa maji wala hachekwi na mtu.

Mgeni kaomba radhi. Wewe tuliyenyonya ziwa moja unaniletea habari za moyo dhaifu.

Mama wa marehemu

12 Mei

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mahabusu. Tumelala kumi na wanne chumba kimoja, miguu ya mwenzio ndiyo mto wako. Kesi ni tarehe mbili Juni. Wakili anasema mama wa marehemu akiandika kwamba amenisamehe, hakimu atanihurumia, huenda nikarudi nyumbani. Watu wengine hawana kauli kama yako. Damu nzito kuliko maji, dada. Nakupigia magoti.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Nitaandika. Lakini kwanza niambie dakika zake za mwisho zilivyokuwa. Usinipunguzie hata neno. Ukinidanganya nitajua, na barua hupati.

Dada yako

25 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandikia juu ya goti, nisamehe mwandiko.

Nilikaa nje, mlangoni. Nilikuwa nimeufunga kwa kamba, fundo upande wangu. Mara ya kwanza nilipofanya, watu walitoka mapema wakanicheka, nikaapa haitatokea tena. Mwalimu aligonga. Nikamwambia avumilie, uchungu ndio huo unatoka. Kisha nikamsikia Chiriku. "Mjomba, nifungulie."

Dada, nilifurahi! Miezi mitano kimya, na sasa anasema! Nikawapigia kelele wenzake, mnasikia, dawa inafanya kazi! Akasema tena. Mara ya tatu hakuniita mimi, alikuita wewe. Nikangoja aendelee kusema.

Nilipofungua alikuwa kalala palepale mlangoni. Kucha zimevunjika kwenye mshono. Mshono haukuachia.

Ni mimi, dada. Si Mungu wala moyo wake wala watu wa milimani. Nisamehe.

Mdogo wako

1 Juni

Mdogo wangu,

Nimeisoma mara moja, sitaisoma tena. Ahsante kwa kutonidanganya. Najua ilikutoka kwa shida.

Nimekusamehe. Nimeandika hivyo na kutia saini, na kesho hakimu ataipata mkononi. Ataipata pamoja na hii barua yako.

Yule mwalimu bado anapumulia mashine. Ana dada yake, mshona sare za shule, tunakaa benchi moja pale hospitali. Kila siku ananiuliza kama mlango ulikuwa umefungwa, maana wewe uliwaambia polisi ulikuwa wazi. Nimechoka kumwambia sijui. Kwa machozi yangu nilikuwa na haki ya kukusamehe. Kwa ya kwake sina.

Nimekununulia sweta na sabuni, nitakuletea Alhamisi, ndiyo siku ya kutembelea. Mwambie wakili wako asihangaike kukana barua. Wakiniuliza kama mwandiko ni wako nitasema ndiyo, maana kuandika nilikufundisha mimi.

Dada yako