Miji Tuliyoiimbia, Yaya

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Mjomba ameniuliza tena leo baada ya misa: utakuja kuondoa matanga ya mama, au hutakuja? Unajua kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayevua nguo nyeusi kwanza, wadogo tunafuata. Sasa sote hapa Bunia, mtaani Shari, tunatembea na nyeusi kama kunguru, tukikungoja wewe uliye Kampala. Nilimwomba anipe muda nikuandikie. Lakini kila nikishika kalamu, badala ya matanga naiona kwaya yetu ya parokia na miji ile tuliyozunguka, wewe alto, mimi soprano, na mama yetu, mkuu wa wapishi ambaye hakuna aliyemchagua.

Unakumbuka Kisangani? Vumbi la barabara ya Mambasa lilitufunika hata nyusi zako zikawa za bibi kizee. Na joto lile! Tulilala juu ya sementi bila mkeka, tukimwonea wivu mjusi ukutani. Lakini watu wake! Tulipoanza tu wimbo wa kwanza, kanisa zima lilisimama, na yule mama aliyetupokea nyumbani kwake alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Akatupikia samaki wa mtoni, akatucheka tunavyokula polepole.

"Batu ya Bunia, munakulaka sawa vile munaogopa sahani!"

Wewe ukajibu kwa vitendo, ukaongeza mara ya tatu.

Butembo ilinishinda kwa baridi yake, na kwa watu wasiojua kukaa. Mwenyeji wetu alitupa chai, mkate na ufunguo wa nyumba, kisha akatoka kwenda dukani kabla hatujanawa uso. "Mukishiba, mufunge mulango," akasema, basi. Mimi nilinuna. Mgeni gani anaachiwa ufunguo badala ya mazungumzo? Mama akanikemea: "Weye mutoto, mutu anakupatia funguo ya nyumba yake, unataka akupatie nini tena?" Tangu siku hiyo naiheshimu Butembo, ingawa magoti yangu bado yanaichukia milima yake.

Goma ni nzuri ukiitazama ukiwa umekaa. Ziwa lile, na sambaza, wale samaki wadogo wa kukaanga tuliowala mpaka vidole vikang'aa mafuta! Ukisimama tu, mawe yale meusi ya volkano yanakula viatu. Vya kwako vilikatika tukiwa kwenye maandamano ya kuingia kanisani, ukaimba misa nzima pekupeku, ukificha vidole chini ya kitenge. Ulidhani hakuna aliyeona. Soprano wote tuliona.

Halafu Kampala. Taa, ndizi za kila aina, na pikipiki zinazopita hata mahali ambapo mbuzi angefikiri kwanza. Uliingia sokoni kama unavyoingia soko la Bunia, kwa ile sauti yako nene: "Jambo mama! Habari ya kazi?" Yule bibi wa nyanya akakaza uso, akavuta kikapu chake karibu. Hatukujua kwamba wazee wengi wa kule walikisikia Kiswahili kwanza midomoni mwa askari na wezi. Ulibaki umeshika nyanya yako, aibu imekujaa. Njiani ukaniambia, "Mimi siwezi kuishi fasi batu banaogopa luga yangu." Tulicheka sana, kwa sababu wakati ule kuishi kwako Kampala kulikuwa jambo la kuchekesha.

Na Bunia yetu je? Nisiisifu kwa kuwa nimezaliwa hapa. Asubuhi yake ni tamu, kikombe cha maziwa ya ng'ombe ya moto mkononi, na Jumapili kwaya zinapita na sare zao utadhani mji mzima una harusi. Lakini vumbi lake jekundu halitoki kwenye kola, na kuna barabara ambazo mimi mwenyewe sipiti tena. Mumeo alitoka hapa siku za vita kwenda Bambu, hakurudi. Habari ya kuuawa kwake ilikukuta mtaani Rwambuzi, mlangoni kwako, ukiwa unafua. Uliondoka na watoto na zile nguo zikiwa bado zimelowa, na hujakanyaga hapa tena, hata siku tuliyomzika mama.

Watu wanasema, Yaya. Shangazi anasema kuliko wote: "Mutoto wa kwanza iko Kampala anakula matoke, na mama yake iko mu udongo." Nilimjibu vibaya na sijutii. Yeye hakusikii kwenye simu kama ninavyokusikia mimi. Unauliza habari za kila mtu, hata za mbwa wa jirani, ila hujawahi kuuliza habari za nyumba yako ile ya Rwambuzi. Nasikia wanao wakijibizana Kiganda nyuma yako. Nasikia unavyoshusha sauti ukinipigia ukiwa kwenye watu, wewe uliyekuwa ukiimba bila kipaza sauti. Inaniuma. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na kwako Bunia nzima ni majani.

Hapo nimeiacha kalamu, nikawaendea mjomba na shangazi sebuleni. Sasa nimerudi, nikueleze.

Mjomba alianza: "Ile ni desturi. Mukubwa asipovua, hakuna mwenye kuvua." Nikamwambia desturi sijaigusa. Inasema nani aanze, haikusema aanzie mji gani. Akakuna kidevu. Shangazi, ndiyo, shangazi huyohuyo, ndiye aliyeuliza kwanza: "Bisi ya Kampala inatokaka saa ngapi?" Kisha akaanza kulia, na mimi nikamshika mkono.

Kwa hiyo usije, Yaya. Usikanyage hapa mpaka moyo wako ukubali, na usipokubali kamwe, bado wewe ni mkubwa wetu. Tunakuja sisi, kupitia mpaka wa Mahagi, na nyeusi zetu mwilini. Usihangaike kutafuta viti, tutakaa chini. Mama tulimzika bila wewe. Matanga yake hatuyaondoi bila wewe.

Bakia na Mungu mpaka tubishe hodi,

Mdogo wako