Hamira ya Bi Zuhura

Kariakoo, mvua tupu

Mama mpenzi, shikamoo.

Jipu limekauka, ila vidonge vya daktari vilinivuruga tumbo hata nikahamia chooni. Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, huumua vitumbua vyake kwa tembo la mnazi. Akanimiminia kikombe cha mashapo yake, mazito, yanatoa povu.

"Mama alinikataza pombe," nikasema.

"Na mimi niliyehiji nikupe pombe? Hii ni hamira. Meza!"

Basi nameza asubuhi na jioni. Tumbo limetulia. Mimi ndiye sijatulia: jana niliimba nyimbo za kanisani mpaka Mnazi Mmoja.

Nakukumbatia, mama. Nawe Mchungaji, unayemsomea kadi hii, shikamoo. Akianza kufoka, mwambie ni hamira.

Mwanao, Elinami