Kizazi cha Kitalu

Runazi, 10 Februari 2025

Mwanangu Diane,

Habari za Dar? Sisi wazima, maharage yamechanua. Ni mdogo wako Aline tu, akiingia mwezini anajikunja mpaka anauma shuka.

Lakini nimewanyamazisha! Mama mkwe wake, Leonsia, alisema mbele ya wanakwaya ati tuliwapa mti usiozaa. Nikamjibu, "Wewe, Diane wangu anaotesha vizazi maabara! Atamletea mdogo wake kipya." Sasa mume wa Aline, Juvenali, amekubali daktari akitoe hicho kibovu, Alhamisi hii. Chetu kitatoka lini kitaluni?

Mama yako, mwenye mtoto wa maabara

11 Februari

Shikamoo mama,

Mama, hapana! Sioteshi vizazi. Aline ana nyama kama ya ndani ya kizazi, imeota nje yake. Mimi naotesha chembe za nyama hiyo mbaya kwenye visahani, tuzijaribie dawa. Hazipandwi kwa mtu. Kizazi kikitoka ndiyo basi, na maumivu yanaweza kubaki. Mzuie daktari!

Binti yako Diane

12 Februari

Shikamoo mama,

Simu yako haipatikani. Juvenali hapokei. Kesho ni Alhamisi. Mama!

Diane

13 Februari

Marahaba mwanangu,

Simu ilikuwa dukani inachajiwa. Nimekusoma asubuhi, nikapanda bodaboda hadi hospitali bila hata kunawa. Nimemkuta Aline ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, wauguzi wanamsukuma. Nikakikamata.

"Hakuna kipya," nikasema. "Nilijisifia nisichokijua."

Leonsia akacheka. "Kumbe mwanao analima ugonjwa!"

"Analima, ndiyo. Wa kwako analima nini?"

Daktari akashangaa, hakuna aliyemwambia habari za kizazi kipya. Akamwinamia Aline, akamuuliza yeye, siyo Juvenali. Aline akasema, "Nirudisheni wodini." Tutapelekwa Mwanza, kwa daktari anayeondoa hiyo nyama tu, kizazi kinabaki.

Lakini tangu pale Aline hajaniangalia. Maumivu yamemrudia, ameng'ang'ania chuma cha kitanda, mkono wangu hautaki. Leonsia ameshapiga simu Runazi nzima. Acha wacheke.

Diane, sikuwahi kukuuliza vizuri. Hizo chembe zako, kuna dawa yoyote imeshaziweza?

Mama yenu