Sekunde Thelathini za Mwisho

Mjukuu wangu Neema,

Huku Doornfontein tunaendelea, ingawa goti la bibi yako linamsumbua na mjomba wako bado anahangaikia karatasi zake za ukaazi. Wewe huko Cape Town unakula vizuri?

Umeniuliza kama chuo kitafunga ukumbi wenu, maana paa linavuja, saa ya ubaoni imekufa na watu hawaji tena kutazama basketi. Eish, sijui, mjukuu wangu. Swali hilo limenikaa kifuani, maana basketi ndiyo inayokulipia masomo.

Nilipokuwa kijana Bukavu, ukumbi wa shule yetu haukuwa na saa kabisa. Mwishoni mwa mechi mwamuzi alikuwa akiinua mkono, na watazamaji wakihesabu sekunde thelathini za mwisho kwa sauti. Tukiwa tumezidiwa pointi moja, walihesabu polepole kama watu wenye kwikwi. Siku moja wageni wakapiga kelele, "Mnaiba!" Mama mmoja muuza maandazi akawajibu, "Hatuibi, tunapumua!"

Kisha shule ikaletewa saa ya umeme. Haki ilipatikana, lakini yule mama hakuonekana tena, na viti vikaanza kubaki wazi. Sisemi saa ndiyo iliyowafukuza watazamaji. Ila nadhani walikosa kazi ya kufanya pale.

Jumamosi, kwenye mechi yenu, mwamuzi akitangaza nusu dakika ya mwisho, mwombe mwenzako wa benchi anipigie, aweke simu spika. Mimi na bibi yako tutahesabu. Nina hofu, Neema, kwa hiyo tutahesabu polepole sana.

Babu yako